Blanketi la Babu Mzaa Babu

Askari wangu wa kwanza, sanamu ndogo za kupaka rangi, wote walikuwa wamepauka. Wamepauka kama mtoto aliyetoka kuoga mtoni akasahau kujipaka mafuta: magoti meupe, viwiko vyeupe. Wazungu niliokuwa nakaa nao meza moja kule Nottingham, nilikokwenda kusoma, walinifundisha kwamba ukitaka sura ya kisanamu ionekane, unaanza na rangi ya giza, halafu unaipunguza kwa nyeupe kidogo kidogo na kugusa pua, mashavu na vifundo vya vidole. Kwa wanajeshi wao wa Napoleon ilikubali. Kwa askari wangu wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, ikazaa mizimu. Tena kile kichupa kilichoandikwa "rangi ya ngozi" kilikuwa cha waridi.

Ilinichukua miezi kugundua kwamba ngozi yetu haitaki nyeupe, inataka chungwa. Unaweka kahawia iliyokolea, tone la buluu penye kivuli, kisha kahawia ile ile unaichangamsha kwa chungwa pale jua linapopiga. Usiku ilipokubali nilikuwa peke yangu chumbani, nikacheka kwa sauti. Uso mdogo kama punje ya dengu ulikuwa umefanana na mjomba wangu.

Sanamu zenyewe zina urefu wa milimita 28. Zinakuja tupu, rangi ya sufuria mpya, zina makovu ya kalibu ambayo lazima uyasugue kwa tupa kabla ya kupaka chochote. Wenzangu wale walikuwa watu wazima, wengine na mvi zao, na kila mmoja alikuwa na vita yake. Waliponiuliza yangu ni ipi nilijibu bila kufikiri: Mahiwa. Hawakuijua. Oktoba 1917, siku nne, jeshi la Mwingereza likapoteza watu zaidi ya 2,000 mbele ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na haya yote yakatokea kwenye vichaka ambavyo mimi nikiwa mdogo nilikuwa nachungia mbuzi. Nikaagiza askari 24 wa Keya. Kaki, kofia za tarbushi, miguu peku. Kwa marejeo nilikuwa na picha chache za zamani, zote nyeusi na nyeupe. Ile Sanamu ya Askari pale Dar, iliyosimama tangu 1927, ni shaba tupu. Kwa umbo inasaidia, kwa rangi haina msaada.

Mwaka 2009 nikarudi likizo na sanduku la askari wale, kila mmoja nimemzungushia pamba. Basi la Lindi liliwavunjia singe watatu. Babu alikuwa na miaka 87, anakaa barazani kwake kilomita chache tu kutoka Mahiwa yenyewe. Yeye mwenyewe alikuwa Keya, wa vita ya pili. Alipelekwa Bama, yaani Burma kule Asia, mwaka 1944, akarudi na kikohozi na maneno ya Kihindi ya kutukania.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umeniletea nini?"

Nikawapanga juu ya meza ya kahawa, safu nne za watu sita sita. Nilitegemea kusifiwa, nisiseme uongo. Alimchukua mmoja, akamsogeza mbali na macho, akamrudisha karibu, akamgeuza kichwa chini miguu juu kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Peku," alisema. "Sisi Bama tulikuwa na viatu. Bila viatu ruba wangetumaliza."

"Hawa ni wa vita ya kwanza, babu. Wa hapa hapa."

"Aa." Akamrudisha kwenye safu. Akahesabu kwa kidole, polepole, mpaka 24. "Na wa kubeba mizigo wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Au nilikuwa nalo, ila si la kumwambia mzee. Kwenye orodha ya duka wapagazi walikuwepo, pakiti nzima, na vifurushi vyao kichwani. Niliwaruka. Nilitaka bunduki, nani anataka kupaka rangi gunia?

"Baba yangu alikuwa kariakoo," alisema. Nimenunua suruali za mitumba Kariakoo mara ngapi sijui, na najua jina limetoka kwa kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia kama cheo. "Alianza kubeba ya Mjerumani. Mjerumani alipokimbilia Msumbiji, akakamatwa kubeba ya Mwingereza. Mzigo ule ule. Wenzake wengi walikufa kwa kuhara, siyo kwa bunduki. Yeye alirudi na blanketi."

"Blanketi gani?"

"La jeshi. Tumelilalia watoto watatu mpaka likawa nyuzi."

Hapo ndipo nilipoona kwamba mmoja wa askari wangu, wa safu ya pili, alikuwa amejifunga blanketi lililoviringishwa, begani mpaka kiunoni. Nililipaka kaki kwa uvivu. Nikaingia ndani nikaleta vichupa vyangu na brashi namba sifuri, na kwa kuwa sikuwa na sahani ya kuchanganyia, nikachukua kifuniko cha sufuria kilichokuwa kimeanikwa juu ya kichanja.

"Lilikuwa rangi gani, babu?"

Alifikiri muda mrefu. "Kijivu."

Nikachanganya nyeusi na nyeupe. Akatazama. "Hiyo saruji."

Nikatia kahawia. "Hilo lilikuwa bado halijalaliwa." Nikatia kahawia zaidi na tone la kijani. Alitikisa kichwa, akanyoosha fimbo yake kuonyesha jikoni, pale ukuta wa udongo ulipoliwa na moshi juu ya mafiga. Nikaenda kuutazama ukuta. Nikarudi, nikatia manjano iliyochakaa, nikapaka mkunjo mmoja wa blanketi, nikamshikia mkononi mwake maana vidole vyake vilikuwa vinatetemeka.

"Ongeza moshi."

Nikaongeza.

"Kidogo tena. Basi. Basi, hapo hapo, usiguse."

Alikuwa bado amemshika, anampuliza akauke, bibi alipotokea mlangoni kuuliza ni nani aliyempaka madoa kifuniko chake cha kupikia wali.

"Mume mwenzangu huyu," babu alijibu bila kuinua macho. "Mimi nilikuwa nimelala."