Feni ya rejeta iligoma kuwaka, kumbe ni negativu

Hii gari nimejiundia mwenyewe hapa Kisumu, chesisi ya mabomba na injini ya gari kuukuu, na feni ya umeme nilikuwa nawasha kwa mkono, sasa siku moja kwa jam ya Kondele nikasahau, sindano ya temperecha ikapanda mpaka nikatoa jasho. Nikanunua swichi ya temperecha, inawasha kwa digrii 92 inazima 87. Rejeta yangu haina tundu la kufungia hiyo swichi so nikakata paipu ya raba ya juu nikaingiza kiungo cha alumini chenye tundu, klampu mbili, basi. Rilei nayo, ile swichi inayowashwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa wa feni, pini zake nikaunga hivi: 30 betri kupitia fyuzi, 87 feni, 86 moto (positivu) wa ufunguo, 85 kwa swichi ya temperecha. Nikawasha injini, ikapita 92, feni kimya! Nikagusisha waya wa 85 kwa bodi ya gari, ambayo ndiyo negativu, feni ikanguruma. Kumbe swichi ya waya mmoja hutafuta negativu kupitia chuma ilipofungwa, na kiungo changu kimekaa katikati ya raba mbili, hakigusi kitu. Nikafunga waya kutoka kiungo hadi chesisi, na sasa Kondele napita nikipiga mluzi.