Kumbe grisi ilikuwa haiingii

Mita ya saa leo imesoma 412. Nilipanga kulifanyia trekta sevisi likifika 400, nikapitisha saa 12 kwa sababu kulikuwa na udongo wa kusogeza ambao sikutaka kuuacha nusu. Saa 12 si nyingi, ila zilikuwa zinanikera kila nikikalia kiti na kuitazama ile mita. Gari unalihesabia kilomita, trekta unalihesabia saa ambazo injini imenguruma, na kitabu chake kimepangwa hivyo: hiki kila saa 50, kile kila saa 200, kingine saa 400.

Asubuhi nililiwasha, nikaliacha lipate moto kidogo, maana oili ya uvuguvugu hushuka haraka na kubeba uchafu, ilhali ya baridi hubaki imeganda pembeni. Nikaliegesha kwenye sakafu tambarare, nikashusha kijiko cha mbele mpaka kikalala chini, nikavuta breki ya mkono, nikazima, nikatoa ufunguo na kuutia mfukoni. Hatua hizo sizipunguzi hata siku ya haraka. Kijiko kikiwa juu kinashikiliwa tu na oili yenye shinikizo iliyo ndani ya silinda na mipira ya haidroliki, na mimi ndiye ninayekwenda kuingiza kichwa chini yake.

Oili ya injini ilitoka nyeusi tititi. Zamani rangi hiyo ilinitisha, nikidhani injini imeharibika. Kwa injini ya dizeli ni kawaida: masizi ya mwako huingia kwenye oili, na hata ile mpya huanza kuwa nyeusi baada ya saa chache za kazi. Ninachokitafuta mimi ni vingine viwili. Kwanza weupe kama wa maziwa, kwa sababu huo ni maji yameingia. Pili vipande vya chuma. Nilichovya vidole viwili, nikaisugua taratibu na kuigeuza kwenye jua. Nyeusi, nyepesi, laini. Nikashukuru.

Filta ya zamani ilipotoka niligeuza mdomo wake kabla ya kufanya jambo lolote, kuangalia kama mpira wake umetoka nao. Ukibaki umeganda kwenye injini, nawe ukafunga filta mpya juu yake, mipira miwili inakaa pamoja, na oili inaweza kuruka yote nje injini ikianza kusukuma. Ulikuwepo. Nikapaka mpira wa filta mpya oili kwa kidole, nikaizungusha mpaka ikagusa, kisha robo tatu ya mzunguko kwa mkono mtupu, bila spana. Boliti ya kumwagia oili nikaifunga na washa mpya ya shaba. Nikajaza, nikasubiri, nikapima na kijiti, nikaongeza kidogo. Sipendi kuzidisha alama ya juu. Oili ikizidi, injini inaichapa na kuitia povu, na povu halilindi chuma.

Mpaka hapo siku ilikuwa inakwenda vizuri. Nikachukua pampu ya grisi.

Trekta langu lina chuchu nyingi za grisi, vile vidude vya chuma vyenye gololi ndogo mdomoni. Nyingi ziko kwenye mikono ya kijiko na nimezizoea. Moja imejificha chini kabisa mbele, kwenye pini ya katikati inayobeba ekseli ya magurudumu ya mbele. Ekseli hiyo haikufungwa moja kwa moja. Inaning'inia kwenye pini hiyo moja ili iweze kuyumba, gurudumu moja likipanda tuta na lingine likibaki shimoni. Uzito wote wa mbele uko hapo: injini, kijiko, na udongo uliomo kwenye kijiko. Kuifikia lazima ulale chali, mkono mmoja unapapasa na mwingine umeshika pampu.

Kila mara nilikuwa nalala hivyo, nabandika mdomo wa pampu, nasukuma mara nne au tano, naona grisi imejaa pembeni, nafuta kwa kitambaa, naondoka. Leo jua lilikuwa limepiga pale chini, nikaona vizuri. Grisi ilikuwa inatokea kwenye mdomo wa pampu penyewe. Haikuwa inaingia hata chembe. Mkono wa pampu ulikuwa mgumu, ukilazimisha unasikia inafyatuka pembeni. Na pale ambapo ingepaswa kutokea, kwenye ukingo wa pini, palikuwa pakavu, pana vumbi lenye rangi ya kutu.

Nilibaki nimelala pale kwa muda. Sijui ni sevisi ngapi zimepita hivyo. Kwenye daftari nimeandika "grisi, mbele" kila mara, kwa mwandiko safi, na kila mara niliamini. Iliniuma, kwa sababu trekta hili nalitegemea na nilikuwa nimejihesabu kuwa nalitunza.

Nikafungua chuchu kwa spana ndogo. Nyuma yake tundu lilikuwa limezibwa na grisi iliyokauka ikawa kama nta ya zamani. Nikaichokonoa kwa waya, kidogo kidogo, nikawa naipangusa kwenye karatasi. Halafu nikakumbuka jambo lingine la muhimu: uzito ukiwa umekalia pini, upande mmoja umebanwa, na grisi haipiti hapo hata tundu likiwa wazi. Nikaweka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, nikainua mbele kwa jeki, nikasimamisha stendi za chuma chini ya fremu na kushusha uzito juu yake. Jeki ni ya kuinulia tu. Kukaa chini ya kitu kilichoshikwa na jeki peke yake sikubali, na ningemsihi yeyote asikubali.

Ekseli ilipokuwa inaning'inia nikapenyeza chuma kirefu na kuitikisa. Ilicheza. Si sana, lakini niliisikia kwenye kiganja, tik, tik. Nikafunga chuchu mpya na kusukuma pampu. Safari hii mkono ulikwenda laini, na nikahesabu kumi na mbili kabla ya kuona kitu. Kwanza likatoka tope la rangi ya kutu, gumu, likijisokota kama mnyoo. Likafuata jeusi lenye chenga. Baadaye sana ikaja grisi safi, ikazunguka ukingo wote wa pini kama pete. Niliitazama pete ile nikasahau hata shingo iliyokuwa inauma.

Mengine niliyamaliza bila haraka. Kichujio cha hewa nilikipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje, kwa nguvu ndogo, maana ukipuliza kutoka nje unalizamisha vumbi kwenye karatasi. Kile kidogo cha ndani sikukigusa. Hakisafishwi, kinabadilishwa muda wake ukifika. Rejeta ilikuwa imejaa mbegu za majani kwenye mapezi yake, nikazitoa kwa brashi laini. Kikombe cha chini ya filta ya dizeli kilikuwa na tone moja la maji, nikalimwaga. Betri, nati za magurudumu, upepo wa tairi, vyote sawa.

Mipira ya haidroliki niliikagua kwa kupitisha kipande cha boksi karibu yake, kamwe si kwa mkono. Oili ikitoka kwenye kitundu cha sindano huku ina shinikizo inapenya ngozi, na kidonda chake huonekana kidogo huku ndani mwili unaharibika. Aliyepenywa hivyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Nimeliandika hili kwa sababu najua watu wanaopapasa mipira hiyo kwa vidole.

Nikawasha. Taa ya oili ilizima baada ya sekunde chache. Nikaliacha lingurume, nikazima, nikapima tena na kijiti, kisha nikatandika boksi kavu chini ya injini. Jioni nilirudi na tochi. Boksi lilikuwa kavu.

Katika daftari nimeandika: 412, oili na filta. Chuchu ya ekseli ya mbele imebadilishwa, ilikuwa imeziba. Pini ina mchezo kidogo. Inua tena na upime saa 422, ukiongezeka agiza bushi, kile kibomba ambamo pini inakaa. Halafu nikarudi kurasa za nyuma, nikapata yale maneno "grisi, mbele" na kuyakata kwa mstari moja moja, kwa sababu si kweli.