Siku moja maishani mwangu: napika plastiki inayooza hapa Tudor, Mombasa

Saa kumi na moja alfajiri niko Likoni nangoja feri, mvua ya masika imenyesha usiku kucha na mimi nawaza unyevu tu. Wenzangu wa bara hawanielewi nikilalamikia unyevu lakini huku pwani hata chumvi yaloa ndani ya kopo, sasa fikiria laktaidi, unga ninaotengenezea plastiki, ambao hautaki maji kabisa.

Saa moja kasoro nishafika maabara, hata glavu sijavaa nakimbilia chupa ya jana. Kaprolaktoni, malighafi yangu ya pili, imepikwa usiku mzima kwa nyuzi 110 ndani ya naitrojeni, kichocheo oktoeti ya bati, matone tu. Stima haikukatika, alhamdulillahi, na imekuwa nzito mpaka sumaku ya kukorogea inazunguka kwa taabu, dalili nzuri hiyo, molekuli zimeungana kuwa minyororo mirefu.

Saa mbili natia laktaidi. Naiyeyusha kwenye toluini, kiyeyushi, iliyokaushwa maji yote, naivuta kwa sindano iliyotoka oveni sasa hivi, naingiza polepole ikashike kwenye ncha ya mnyororo uleule wa jana. Ndio maana yaitwa kopolima ya bloku, kipande kirefu cha hii halafu kipande kirefu cha ile kwenye mnyororo mmoja, sio kuchanganya tu kwa mwiko. Polilaktiki, yaani plastiki ya laktaidi, peke yake ni ngumu lakini yavunjika, polikaprolaktoni, ile ya kaprolaktoni, yavutika vizuri lakini kwa nyuzi 60 hivi ishayeyuka, ukiziunga unapata kitu cha kazi. Na lazima kaprolaktoni itangulie manake ukigeuza, haishiki vizuri na minyororo inaanza kubadilishana vipande, mpangilio wote unaharibika.

Wiki jana maji yaliingia kwa kizibo cha mpira kilichochoka. Kila chembe ya maji inaanzisha mnyororo wake, unaishia na minyororo mingi mifupi, na ile filamu ilikatika mkononi kama krispi za muhogo. Siku mbili za kazi. Iliniuma sana, tangu siku hiyo kizibo nabadilisha kila mara.

Saa nne chai, mahamri, mbaazi.

Saa tano mpaka saa saba ni vipimo, na hapa ndipo roho yangu ilipo. Nina vipande vya filamu vimekaa ndani ya maji ya bahari miezi miwili, navitoa, nasuuza, nakausha kwa vakyumu mpaka uzito utulie, ndio napima kwa mizani ya desimali nne. Kile cha polilaktiki tupu hakijapungua kitu. Cha bloku kimepungua, kidogo lakini mizani imeona, nikapima mara tatu kuhakikisha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 28 Agosti 2017 watu wanaambiwa hii inaoza, ile inaoza, na mimi nataka kila mtu aulize inaoza WAPI, sababu polilaktiki yaoza vizuri kwenye mboji ya moto ya nyuzi 58 hivi, ukiitupa baharini itakaa miaka.

Saa tisa pishi limeiva, nayeyusha kwa kloroformu, namimina uzi mwembamba ndani ya methanoli baridi na polima inatoka nyeupe kama tambi. Kuchuja, kukausha, kuandika daftari. Sampuli kidogo itaenda Nairobi kwa basi kupimwa NMR, kipimo cha kuonyesha molekuli zimeungana vipi.

Saa kumi na moja nashuka creek ya Tudor kuchota maji mapya ya kipimo, nakuta mzee mmoja mvuvi anashona jarife, akauliza nachota ya nini, nikamweleza.

"Sasa mwanangu, jarife likikatika huko chini laendelea kuua samaki bure. Hiyo yako yaweza kuwa uzi?"

Nikamwambia baba, bado, yavutika lakini nguvu ya wavu haijafika.

Akakata kipande cha uzi wake wa nailoni, urefu wa mkono, akanipa. "Kalinganishe na huu."

Kesho saa tano unaanza kuvutwa, huu na wa kwangu, mashine moja.