Lindi, kwa Andrea Kagwa

Kosta ya Lindi iliondoka Mtwara tarehe 2 Juni, imejaa mpaka mlangoni. Mikindani tuliipita bila kusimama, ghuba ikiwa kulia kwetu. Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapochepuka, wauza korosho na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, walivamia madirisha. Nikanunua ming'oko, nikawa naimenya kwa kucha na kuichovya kwenye chumvi ya pilipili. Jirani yangu, mama wa makamo aliyejifunga kanga, akanitazama.

"Unakwenda msibani, baba?"

"Hapana mama, sikukuu. Mashahidi wa Uganda."

"Wafe Uganda, sherehe iwe Lindi?"

Nikamweleza kwamba kanisa kuu la Wakatoliki la Lindi lina jina la mmoja wa Wakristo hao waliouawa kwa ajili ya imani, Andrea Kagwa. Alizaliwa Bunyoro, Waganda wakamteka akiwa mtoto, akakulia kwa Kabaka, mfalme wao, hadi akawa mkuu wa wapiga ngoma wake. Alipobatizwa akaanza kufundisha wenzake dini. Inasimuliwa kuwa Katikiro, waziri mkuu wa Kabaka, aliapa hatakula mpaka aletewe mkono wa Kagwa. Mkono ukakatwa, kisha kichwa, kule Munyonyo, tarehe 26 Mei 1886.

"Astaghfirullah! Mkono, kisha mtu ale?" Ming'oko niliyomkaribisha akaisukuma kando.

Mimi nina dukuduku langu na kalenda ya Kanisa. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliuawa Novemba 1885, Yohane Maria Muzeeyi Januari 1887, lakini wote 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964 wamewekwa tarehe 3 Juni, siku ambayo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto Namugongo. Kwa hiyo sifa zinakwenda kwa Lwanga na kwa Kizito, yule kijana mdogo. Muulize mtoto yeyote wa mafundisho amtaje wa tatu, utamwona anakuna kichwa.

Lindi mambo ni tofauti kidogo. Padri alivaa nyekundu kama kwingine, wimbo wa Lwanga ukaimbwa, ila mahubiri yalikuwa ya Kagwa mwanzo hadi mwisho. Hata jimbo lenyewe la Kanisa, lililoanzia Nachingwea, lilichukua jina la Lindi mwaka 1986, miaka mia baada ya kifo chake. Nilipenda ngoma zaidi ya yote: tatu, kubwa ikiwa imewambwa ngozi yenye manyoya bado ukingoni, na wapigaji hawakuwa na haraka.

Baada ya misa nikampelekea dukuduku langu katekista mmoja mzee, mwalimu wa dini, maana Kagwa ndiye mtakatifu msimamizi wa makatekista.

"Walikufa kwa zamu," akanijibu, "lakini kesi yao ilikuwa moja. Wewe unataka kila mmoja apewe pilau lake?"

Pilau lenyewe lilikuwa linapakuliwa. Nyuma yetu vijana wawili waligombea ile ngoma kubwa, na mzee akaenda akawanyang'anya, akaipiga mwenyewe.