Kabla hawajaandikiwa wasifu

Ukitaka kujua maisha ni mafupi kaa msibani usikilize wasifu wa marehemu unavyosomwa. Mtu kaishi miaka sabini na kitu, kalea watoto, kajenga, kagombana na majirani wakapatana, kaimba kwaya mpaka sauti ikakauka, halafu vyote hivyo vinaisha ndani ya dakika tano, na hapo msomaji anasoma pole pole maana analia. Alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akapata Kipaimara, akasoma mpaka la saba, akafunga ndoa takatifu, akaanza kusumbuliwa na presha, mauti yakamfika alfajiri. Ameacha mjane, watoto na wajukuu. Bwana ametoa, Bwana ametwaa. Karatasi inakunjwa, MC anaita watu wa salamu za rambirambi na anawaonya kabisa, jamani dakika mbili mbili muda umekwenda.

Mimi kwenye ukoo wetu ndo mwandishi wa hizo karatasi, sababu tu nina kompyuta na najua kutafuta mahali pa kuprinti usiku. Inaandikwaga siku ya kuamkia mazishi, watu wamechoka, mashangazi wanabishana kama marehemu alifunga ndoa kabla ya Azimio la Arusha au baada ya 1967, mtoto wa kwanza hajui mama yake alisoma wapi, wa pili anasema muulizeni mjomba, na mjomba yupo kwenye basi hapatikani. Kuna msiba mmoja yule dada wa kazi aliingia kutuletea chai, akatusikia, akajibu karibu yote. Alijua bibi alibatizwa wapi, alijua wimbo aliokuwa anauimba akichambua mchele, alijua mpaka nani alimkosea akamsamehe. Sebule nzima kimya. Watoto walikuwa wanatuma hela kila mwezi, hilo siwezi kuwanyima, ila muda wa kukaa na bibi alikuwa nao yule binti.

Zaburi ya 90 tunaisoma sana makaburini, miaka yetu ni sabini, tukiwa na nguvu themanini, na wengi masikio yetu yanaishia hapo hapo kwenye hesabu. Ombi lenyewe lipo aya ya 12, utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima. Pale Musa, maana zaburi hii inaitwa sala yake, haombi kuongezewa hata mwaka mmoja.

Sasa ikifika Januari makanisa mengi utasikia Waefeso 5:16, mkiukomboa wakati, na somo likishatoka hapo linakuwa la malengo ya mwaka, amka saa kumi alfajiri, andika maono yako, panga ratiba, punguza simu. Sio mabaya hayo, mi mwenyewe naamka mapema. Lakini hebu endelea kusoma sura ileile uone Paulo anaelekea wapi, hazungumzii biashara wala ratiba, anakwenda kwa mke na mume, kisha sura ya 6 anaingia kwa watoto na wazazi, halafu mpaka watumwa na mabwana zao. Yaani akishakwambia uukomboe wakati, muda si mrefu anakurudisha nyumbani kwako, kwa watu wako.

Na sisi tulivyo, mtu akifa tunajua kufanya mambo haraka ajabu. Saa moja haijaisha grupu la WhatsApp limefunguliwa, mhasibu kateuliwa, namba ya kutuma imewekwa na msisahau ya kutolea, sare za kitenge zinajadiliwa, watu wanaomba ruhusa kazini na bosi anatoa bila maswali. Yuleyule alipokuwa amelala ndani miezi minane hakuna aliyeomba ruhusa hata ya nusu siku kwenda kumwona, na ukiomba utaambiwa subiri wikiendi. Mathayo 25 iko wazi, nalikuwa mgonjwa mkaja kunitazama, sijaona palipoandikwa nalikufa mkachanga. Michango ichangwe, mazishi ya heshima ni jambo jema, mi nasema tu huo mwendo kasi wetu tunautoa umechelewa.

Mimi ni Mlutheri ila kuna kisa cha mashahidi wa Uganda huwa nakirudia sana. Usiku wa kuamkia Mei 26, 1886, pale Munyonyo, Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, akiwa ameshaanza kuua Wakristo, Karoli Lwanga ndo alikuwa kiongozi wa wale vijana watumishi wa kasri, na kadhaa walikuwa bado hawajabatizwa. Mafundisho ya ubatizo enzi zile yalichukua miaka, na padri hakuwepo. Lwanga hakusema tungoje, akawabatiza usiku uleule, mmojawao Kizito, mtoto wa miaka kama kumi na minne. Juni 3 wakachomwa moto Namugongo, na Waanglikana wakiwemo. Papa Paulo VI akawatangaza mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, Lwanga na Kizito wakiwemo, kuwa watakatifu mwaka 1964. Kizito aliishi kama Mkristo aliyebatizwa kama siku nane tu, na leo karibu kila parokia huku kwetu utamkuta Kizito mmoja. Ila mi anayenishika zaidi ni Lwanga, maana usiku wake wa mwisho wa uhuru hakuutumia kutafuta mlango wa kutokea, aliutumia kwa wadogo zake.

Najua kuna mtu atasema wewe unaongea tu, watu tunatoka Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, saa kumi na moja alfajiri tunarudi saa mbili usiku, muda wa kutembelea wagonjwa upo wapi. Upo mdogo, kweli. Basi anzia humohumo kwenye daladala. Asubuhi watu wote wameinamia simu wanaangalia video za watu wasiowajua, na ndani ya simu hiyohiyo kuna namba ya mama mdogo, ya mwalimu aliyekufundisha Kipaimara, ya rafiki aliyefiwa mwaka jana na siku hizi hakuna anayempigia. Foleni ya pale Mtongani inatosha kabisa simu mbili, na ukizungumza kwa sauti kubwa sana konda atakwambia.