Pembe 8 za Ng'ombe na Dola 60 za Mpakani

Wiki iliyopita, nikirejea Lubumbashi, huku Kongo, baada ya likizo ya nyumbani Karagwe, nilitozwa dola 60 mpakani kwa ajili ya pembe 8 za ng'ombe nilizokuwa nimezifunga katika mfuko wa sandarusi. Aliyenitoza alisema kwamba hizo ni nyara za wanyamapori. Nilimwonyesha cheti cha daktari wa mifugo kinachoeleza wazi kuwa ni pembe za ng'ombe waliochinjwa kwa ajili ya kitoweo, naye akanirudishia kwa maelezo kwamba hakikuandikwa kwa Kifaransa. Nilipolipa nilipewa stakabadhi yenye neno moja tu, ambalo kwa lugha yetu maana yake ni vitu mchanganyiko. Ikiwa zilikuwa nyara, kwa nini niliruhusiwa kuondoka nazo? Na ikiwa hazikuwa nyara, nililipia nini? Mliozaliwa Kayanga mnajua pembe hutupwa wapi mchinjaji akishamaliza kazi yake, na mnajua kuwa soda mbili zinatosha kabisa kumshukuru mtu aliyekuchagulia zilizo nzuri.

Fedha hizo zinaniuma kwa sababu pembe zile si mapambo ya ukutani. Mimi ni seremala, ninatengeneza vitanda na milango katika komini ya Kenya, yaani sehemu ya mji wa Lubumbashi na si nchi ya Kenya, na jioni, kwa mwaka wa tatu sasa, ninajenga upinde wa pembe kwa mikono yangu. Ninaposema upinde wa pembe sisemi upinde wa mti mmoja uliochongwa, kama ule ambao babu zetu waliuninginiza juu ya mlango. Ninasema upinde uliounganishwa kwa vitu vitatu: kiini cha mti au mwanzi katikati, pembe upande wa tumbo unaomtazama mpigaji, na kano za mnyama zilizolazwa kwa gundi upande wa mgongo. Upinde unapovutwa, tumbo lake hubanwa na mgongo wake hutanuka. Mti ukibanwa kupita karibu asilimia 1 ya urefu wake huanza kuvunjika ndani kwa ndani, ilhali pembe huvumilia hadi kama asilimia 4 na kurudi ilivyokuwa. Kano nazo hutanuka mbali kuliko mti wowote bila kukatika. Kwa hiyo upinde mfupi, ambao ungekuwa wa mti mtupu ungepasuka mikononi, unaweza kuvutwa mpaka sikioni na ukatunza nguvu yote hiyo.

Wazee wa Asia, Waturuki, Waajemi, Wachina na Wakorea, waliijua siri hiyo zamani sana, na Afrika pia iliijua, kwani katika kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri, ambalo Howard Carter alilifikia mwaka 1922, zilikutwa pinde za aina hiyo hiyo. Huko Saint Petersburg, katika jumba la makumbusho la Hermitage, limehifadhiwa jiwe la Wamongolia la karne ya 13 lililochongwa maandishi kwamba Yesungge, mpwa wa Genghis Khan, alirusha mshale umbali wa pima 335, pima moja ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Ninaposoma habari hiyo huwa ninasimama katika mlango wa karakana na kujaribu kupima kwa macho mahali ambapo mshale huo ungeangukia, nami hufika mbali sana kupita mwisho wa barabara yetu.

Pembe inayosifiwa kwa kazi hii ni ya nyati wa majini wa Asia, kwa kuwa ni ndefu, pana na nene. Mimi sina nyati huyo. Nina ng'ombe wa kwetu wenye pembe ndefu, ambao wageni huwapiga picha na sisi tulilala nao nyumba moja. Pembe yake ni kubwa kwa kuitazama, lakini ukuta wake kuelekea shina ni mwembamba, na sehemu inayofaa ni ile ya katikati kuelekea ncha, ambayo nayo imejipinda. Katika pembe moja ninapata utepe mmoja wa sentimita 35 nikibahatika, nao lazima uchemshwe, unyooshwe kati ya mbao mbili nzito na uachwe humo hadi ukubali. Ng'ombe wanaochinjwa hapa mjini, wale niliowaona mimi, wana pembe fupi zisizofika hata nusu ya urefu huo. Hiyo ndiyo sababu nilibeba pembe kutoka nyumbani, siku nne za basi, badala ya kubeba kahawa na senene kama watu wengine.

Wewe unayepanga kuja huku kwa sababu umesikia habari za shaba na kobalti, nisikilize kidogo kabla sijaendelea. Njoo na dola safi zisizo na mkunjo mkali wala mchaniko hata wa ukucha, kwa maana noti ambayo nyumbani ungeibadilisha bila swali hapa inakataliwa mpaka na muuza mkaa. Jiandae kulipa garanti, yaani amana ya nyumba, ya miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja. Jifunze Kifaransa cha kusomea stakabadhi hata kama sokoni Kiswahili chako kitakutosha, kwa kuwa sokoni hutaonewa mara nyingi, bali utaonewa kwenye karatasi. Na usiseme kwamba hukuambiwa.

Nirudi kwenye kano. Nilipofika mara ya kwanza kwa muuza nyama wa soko la Kenya, nilimwomba kano za miguu ya nyuma, naye hakunielewa, kwa sababu huku huitwa mishipa tu. Nilimwonyesha kwa kidole kwenye mguu uliokuwa umetundikwa, ule uzi mnene mweupe unaoshuka nyuma ya goti hadi kwenye kwato. Mzee yule alinitazama, akakata mmoja, akaufunga katika gazeti na kunipa. Nilipotoa pesa aliusukuma mkono wangu. “Hii mishipa batu banatupaka, mutoto yangu. Beba tu.” Tangu siku hiyo, kila Jumamosi kwa miezi miwili, nilimkuta amenitengea kano katika ndoo yenye kifuniko ili nzi wasizifikie, na hakupokea franka hata moja. Sijawahi kupewa kitu na mtu asiye wa damu yangu kwa uaminifu wa namna hiyo, na ninamwandika hapa ili watu wa kwetu wanaowasema vibaya Wakongo wajue kwamba nimemwona mmoja kwa macho yangu.

Kano mbichi haifai kitu. Huanikwa kivulini mpaka iwe ngumu na ya rangi ya asali kama kipande cha kaharabu, kisha hupondwa juu ya gogo kwa nyundo ya mbao, kwa upole, kwa kuwa nyundo ya chuma hukata nyuzi. Ikipondwa sawasawa hufunguka yenyewe na kuwa nyuzi nyeupe nyembamba, nami huzichana kwa kitana cha chuma na kuzipanga katika vifungu vidogo kwa urefu wake. Mabaki hayatupwi. Huchemshwa kuwa gundi pamoja na vipande vya ngozi, chungu ndani ya chungu, juu ya moto mdogo wa mkaa usioruhusu maji kutokota, kwani gundi iliyotokota hupoteza nguvu. Mafundi wa Kikorea walipendelea gundi ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki. Ninyi wa Bukoba na Mwanza mnajua bondo la sangara linauzwaje siku hizi na linapelekwa wapi, kwa hiyo mtaelewa kwa nini nilibaki na gundi ya ng'ombe.

Upinde wangu wa kwanza ulikufa. Nilikuwa nimechora mifereji myembamba kwenye pembe na mingine kwenye kiini cha mwanzi ili ikutane kama meno ya zipu, jambo ambalo huongeza eneo la kushikana, nikapaka gundi tabaka baada ya tabaka, nikaunganisha na kukaza kwa kamba ya katani hadi viganja vikavuja damu. Kosa langu lilikuwa la dakika moja: nilishika uso wa pembe kwa vidole baada ya kuusafisha, na mafuta ya vidole yakabaki pale. Kiangazi chote ulionekana mzima. Novemba mvua zilipoanza, gundi ikanywa unyevu wa hewa, na usiku mmoja nikasikia sauti kama ya kijiti kikavu kikikanyagwa. Asubuhi nikakuta pembe imeachana na mwanzi kwa urefu wa kiganja, mahali pale pale nilipokuwa nimeshika. Nilikaa siku kadhaa bila kuingia upande ule wa karakana.

Hata hivyo, majira ya hapa ndiyo yaliyoniokoa katika upinde wa pili. Kwetu ukungu na mvua mbili za mwaka zisingeniachia nafasi, lakini Lubumbashi kuanzia Mei hadi Septemba mvua karibu haidondoki, hewa ni kavu, na usiku wa Juni ni wa baridi kali. Niliunganisha pembe mwezi Mei mwaka jana. Juni nikalaza tabaka la kwanza la kano, nyuzi zilizochovywa kwenye gundi ya uvuguvugu na kulazwa moja moja kwa kuelekea ncha, nikausubiri mwezi mzima, nikalaza la pili Agosti. Kano zikikauka hujikunja na kuuvuta upinde kinyumenyume, mpaka ncha zake, ambazo nilizichonga kwa mforosadi, zikakaribiana upande usiotarajiwa. Baada ya hapo ulitakiwa kupumzika. Wakorea huweka pinde zao katika sanduku lenye joto ili unyevu usizilegeze. Mimi nililitundika sanduku langu juu ya jiko la mama jirani anayeoka mikate, naye alilitunza miezi 10 bila kuniuliza kodi ya nafasi. Kodi iliulizwa na mwenye parseli, yaani mwenye kiwanja ninachopanga, aliyeniongezea dola 10 kwa mwezi kwa sababu ya harufu ya gundi, ingawa nimeacha kuichemsha tangu Agosti na nyongeza haijaondolewa hadi leo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwangu pale mpakani. Na lilikuwapo neno jingine lililoniuma kuliko dola 60. Yule aliyenitoza aliuliza, mbele ya foleni nzima, Watanzania tunakuja kutafuta nini Katanga na magunia ya takataka. Msiri, aliyekuwa mfalme wa Bunkeya hapa hapa Katanga na kuuawa mwaka 1891, alitoka Unyamwezi, na Wayeke wake wako hapa mpaka leo. Waluba wa nchi hii hii waliuheshimu upinde kiasi cha kuchonga vishikilio vya mbao vya kuutundika, vyenye sura ya mwanamke na matawi matatu juu, ambavyo vilikuwa miongoni mwa hazina za ufalme, kwa kuwa upinde ulikuwa kumbukumbu ya Mbidi Kiluwe, mwindaji ambaye masimulizi yao yanamtaja kuwa mwanzo wa ufalme mtakatifu. Hiyo ni nchi ya kumwambia mtu aliyebeba vifaa vya upinde kwamba amebeba takataka? Nilitaka kumjibu haya yote, lakini basi lilikuwa limeshawasha injini.

Jumamosi nilimweleza mzee wa nyama. Hakusema lolote kuhusu mpaka. Aliuliza kama ule upinde wa mishipa yake umekauka, nikamwambia umekauka, akasema atafunga meza mapema.

Alikuja saa kumi na mizani yake ya ndoano begani. Tuliupasha upinde juu ya mkaa kwa kuugeuzageuza mpaka pembe ikawa na joto la mkono, kwa sababu ukikunjwa ukiwa baridi hupasuka. Mimi nikaukandamiza kwa goti, yeye akavuta ncha moja na mama wa mikate ncha nyingine, polepole, kwenye vibao viwili vilivyochongwa mkunjo, nami nikavisha ugwe. Mkono wa juu wa upinde ulikuwa na nguvu zaidi. Niliukwangua pembe kwa tupa, mara chache tu kila mara, nikiangalia, kwa karibu saa nzima, hadi mikono yote miwili ikapinda sawa. Kisha tukauninginiza upinde kwenye boriti kwa mshikio wake, tukaingiza ndoano ya mizani kwenye ugwe, na mimi nikavuta kuelekea chini hadi kwenye alama ya sentimita 70 niliyokuwa nimeichora ukutani.

Haukulia. Mzee aliinama kusoma mshale wa mizani, akatamka kilo 19, akatoa daftari lake la madeni na kuiandika namba hiyo kwenye ukurasa wa nyuma, peke yake, bila jina.

“Ni mishipa yangu ile?” aliuliza.

“Ndiyo, Papa. Ni ile ya ndoo.”

Akaniambia niuvute tena, polepole zaidi, kwa sababu mama wa mikate alikuwa amesimama upande asioweza kuona.