Shimo Lisilochimbwa

Binti yangu aliniuliza shimo jeusi la angani lina nini ndani. Nikamjibu, "Hamna kitu," nikaendelea na kazi zangu. Usiku jibu lile likanikosesha usingizi.

Kosa ni la jina. Shimo tunalolijua huchimbwa: udongo hutolewa, pakabaki pengo. Hili halikutolewa kitu, limeshindiliwa. Asubuhi nilichukua gololi yake nikamwambia kwamba dunia nzima, milima na bahari zake, ikibanwa hadi kipenyo cha milimita 18 hivi, inakuwa shimo jeusi. Akaipimapima mkononi. "Na uzito?" Uleule. Mwezi ungeendelea kuizunguka kama kawaida, wala usingefyonzwa. (Sijui nani alianzisha hadithi ya kufyonza.)

Nilidhani nimemaliza, mpaka nilipokaa na kikokotoo. Shimo lililo katikati ya galaksi M87, lile ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019, lina uzito wa majua yapata bilioni 6.5. Nikaugawa uzito huo kwa ujazo wa tufe lenye ukubwa wa mpaka wake, yaani pale ambapo hata mwanga ukivuka haurudi. Nikapata chini ya nusu kilo kwa kila mita ya ujazo! Hewa ninayovuta ni nzito zaidi ya hapo. Inapita kilo moja. Nilirudia mara tatu nikitafuta sifuri niliyoiruka.

Haikuwepo. Kadiri shimo linavyokuwa kubwa ndivyo wastani wake unavyokuwa mwepesi, na mpaka wenyewe hauna ukuta wala ngozi. Ukivuka ule wa M87 hungegonga kitu, na mwili wako usingehisi lolote wakati huo. Tatizo ni kwamba kuanzia hapo, kila njia inayokwenda mbele inaishia katikati. Katika jibu ambalo mwanafizikia Karl Schwarzschild alilitoa mwaka 1916 kwa milinganyo ya Einstein ya mvutano, nafasi yote ni ombwe, yaani haina kitu, isipokuwa katikati pale, na hapo hesabu inalipuka, haitoi tena namba yenye maana.

Kwa hiyo sikuwa nimedanganya sana. Ila hata ombwe lenyewe si tupu kama nilivyolichukulia: mwaka 1974 mwanafizikia Stephen Hawking alionyesha kwa hesabu kwamba kando ya mpaka huo linapaswa kutoa joto, dogo mno, na shimo likipungua taratibu.

Nikamweleza binti yote haya. Akanyoosha mkono, anataka gololi yake.